NCHI YA ASILI: UHAKIKI WA KIFUNGU KINACHOMFUTA MKULIMA

Miongoni mwa makada na wanachuo wetu kuna lalamiko linalorudiwa kila msimu wa korosho unapofunguliwa. Husemwa kwamba korosho ya Mtwara, Lindi na Tunduru ikifika India au Vietnam huibiwa jina. Inaondoka hapa ikiwa ya Tanzania, na inapoonekana tena katika duka la London au Hamburg imefungwa katika pakiti nzuri yenye maandishi kwamba ni bidhaa ya India, au ya Vietnam. Kutokana na hapo hitimisho hutolewa haraka: mabeberu wametuibia, na dawa yake ni kudai lebo iandikwe upya.

Lalamiko hili lina ukweli ndani yake, lakini uchambuzi wake ni hafifu. Wizi ni kuvunja sheria, na hapa hakuna sheria iliyovunjwa. Pakiti ile imeandikwa hivyo kwa kufuata kanuni, na kanuni hiyo hata sisi wenyewe tumeikubali. Kada anayeishia kumlaani mwizi, bila kuisoma sheria inayomfanya mwizi huyo awe mtu halali, anawaachia wakulima hasira tu bila silaha yoyote ya fikra. Kwa hiyo hatuna budi kukisoma kifungu chenyewe, neno kwa neno, kama tunavyosoma hati nyingine yoyote inayogawa mali duniani.

KIFUNGU KINASEMA NINI

Tume ya Codex Alimentarius iliundwa mwaka 1963 na mashirika mawili ya Umoja wa Mataifa, lile la Chakula na Kilimo na lile la Afya, ili iweke viwango vya vyakula vitakavyotumika kimataifa. Kiwango chake cha jumla kuhusu lebo za vyakula vilivyofungashwa kilipitishwa mwaka 1985, na kimerekebishwa mara kadhaa tangu hapo. Sehemu ya 4.5 ya kiwango hicho inahusu nchi ya asili, nayo ina maagizo mawili. La kwanza ni kwamba nchi ya asili ya chakula itajwe iwapo kutotajwa kwake kutampotosha au kumdanganya mlaji. La pili ni kwamba chakula kinapopitia usindikaji katika nchi ya pili, na usindikaji huo ukabadilisha asili yake, basi nchi ya usindikaji ndiyo itakayohesabiwa kuwa nchi ya asili kwa madhumuni ya lebo.

Hayo tu. Ni mistari michache ya chapa. Lakini tangu Shirika la Biashara la Dunia, yaani WTO, lianze kazi mwaka 1995, mikataba yake inazitaka nchi wanachama zitumie viwango vya kimataifa kama msingi wa kanuni zao, na hivyo mistari hiyo michache imepata uzito ambao watu wengi hawaujui. Kiwango chetu cha Afrika Mashariki cha lebo za vyakula, EAS 38, nacho kimejengwa juu ya kiwango hicho cha Codex. Kada anayesimama jukwaani Masasi akailaani pakiti ya Vietnam na ajue kwamba msingi wa pakiti hiyo umo pia katika kabati za ofisi zetu.

Tazama kwanza ni nani anayelindwa. Agizo la kwanza linamtaja mlaji. Nchi itajwe ili mlaji asidanganyike. Mzalishaji hayumo. Ikiwa mlaji wa Hamburg hajali korosho imelimwa wapi, au hajawahi kusikia kuna mahali panapoitwa Newala, basi hajapotoshwa, na kwa mujibu wa kifungu hiki hakuna aliyedhulumiwa. Haki ya mkulima kutajwa inategemea udadisi wa mtu aliye umbali wa maili elfu kadhaa, ambaye udadisi wake wenyewe umelelewa na matangazo ya makampuni.

Agizo la pili ndilo zito zaidi, na hapa lugha yetu inatusaidia kuona jambo ambalo katika lugha za kizungu limefichika. Sisi tuna neno moja, asili, kwa mambo mawili. Asili ni mahali kitu kilipotoka, na asili ni umbile lake, jinsi kilivyo. Kifungu kinasema kwamba asili ya pili ikibadilika, asili ya kwanza nayo inabadilika. Umbile likigeuzwa, mahali kilipotoka nako kumegeuzwa. Mtoto akinyolewa nywele, kijiji alichozaliwa kinahama! Wazee wetu wangecheka. Lakini watu walioandika hivyo hawakuwa wajinga. Walikuwa wanaeleza kwa uaminifu kabisa jinsi soko la dunia linavyoihesabu kazi ya binadamu: kazi ya mwisho ndiyo kazi, na zile zilizotangulia ni mali ghafi.

Je, kubangua korosho ni kubadilisha asili yake? Kifungu hakitoi kipimo chochote. Katika orodha ya kimataifa ya ushuru wa forodha, korosho yenye ganda na korosho iliyobanguliwa ziko chini ya kichwa kimoja, 08.01, ya kwanza ni 0801.31 na ya pili ni 0801.32. Tofauti ni tarakimu moja ya mwisho. Punje ni ile ile iliyokomaa chini ya bibo kwenye mkorosho wa Tandahimba. Imevuliwa ganda na utando, basi. Katika mazoea ya biashara, hata hivyo, tarakimu hiyo moja imetosha kuhamisha nchi.

KAZI MBILI, JINA MOJA

Tusije tukadharau kazi ya kubangua. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi, na wanawake wa Kollam katika jimbo la Kerala, ambao vizazi vyao vimebangua korosho ya Afrika Mashariki tangu zama za ukoloni, wameyafahamu mafuta hayo kwa viganja vyao. Kuna kuichoma au kuichemsha kwa mvuke, kuna kuvunja bila kukata kiini, kuna kumenya ule utando mwembamba, kuna kupanga madaraja. Kilo nne hadi tano za korosho ghafi hutoa kilo moja tu ya kiini. Kazi hii ni kubwa na ina haki ya kutajwa.

Lakini kazi ya mkulima ni ndogo? Anapalilia. Anapulizia salfa kupambana na ubwiriunga, ule ugonjwa uliotambuliwa nchini mwaka 1979 na ambao wataalamu wa Naliendele walihangaika nao miaka mingi. Anaokota moja moja, anatenganisha na bibo, anaanika, anachagua, anapeleka chama cha msingi, anasubiri mnada. Na mti wenyewe ulihitaji miaka kabla ya kuzaa. Thamani yote ya msimu mzima huu inaingia katika gunia la kilo 80, na gunia linapopita mlango wa kiwanda, jina lake linabaki nje.

Makampuni husema haiwezekani kutaja mkulima kwa kuwa korosho huchanganywa. Hoja hii isikataliwe kwa kelele. Ina msingi wake. Mavuno yetu huanza yapata Oktoba, wakati yale ya Afrika Magharibi huanza yapata Februari. Kiwanda cha Vietnam hutaka kufanya kazi mwaka mzima, hivyo hununua kwetu, hununua Msumbiji, hununua Ivory Coast, kisha hupanga viini kwa daraja na kuvisafirisha kwa daraja. Lakini tazama daraja lenyewe lilivyo. W320 maana yake ni korosho nyeupe, nzima, ambazo hazizidi punje 320 katika ratili moja. Tasnia inayoweza kuhesabu punje za ratili moja na kuzipambanua kwa weupe wake haiwezi kutuambia kwamba imeshindwa kuandika zimetoka nchi gani. Kwetu pia habari hiyo ipo. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze katika korosho mwaka 2007, kila shehena inayofika mnadani ina karatasi yake: ghala, chama, uzito, ubora. Karatasi hiyo husafiri mpaka bandarini. Inapotelea kiwandani, mahali ambapo kuipoteza kuna faida.

JINA LINALOUZA HALIFUTWI

Ikiwa mtu bado anadhani kwamba kifungu cha usindikaji ni cha kitaalamu tu, na hakina upande, na atazame kahawa yetu inavyouzwa Japani.

Kahawa ya Tanzania hufika Japani ikiwa mbichi na hukaangwa huko huko. Ukitumia mantiki ya korosho, kukaanga kahawa ni mageuzi makubwa kuliko kubangua: rangi inabadilika, harufu inabadilika, na mtu hawezi kuinywa bila kukaangwa. Basi ingekuwa kahawa ya Japani. Lakini haiwi hivyo. Inaitwa Kilimanjaro, kwa herufi kubwa, katika maduka na katika makopo. Tena wafanyabiashara wa kahawa wa huko wamejiwekea kanuni za ushindani wa haki zinazosema kahawa ya mchanganyiko isiitwe kwa jina hilo mpaka iwe na angalau asilimia 30 ya kahawa hiyo, na kwamba Kilimanjaro ni arabika ya Tanzania, isipokuwa ile ya Bukoba. Kwa hiyo mkulima wa Mbinga, ambaye pengine hajawahi kuuona mlima ule, kahawa yake inaitwa kwa jina lake. Na jirani yetu wa Kagera anatolewa nje kwa uamuzi uliofanywa ng'ambo.

Hapa ndipo penye ufunguo wa jambo zima. Jina la mahali likiwa linauza, usindikaji wote duniani hauwezi kulifuta, na kanuni zitatungwa kulilinda. Jina likiwa haliuzi, au likiwa linaweza kumfanya mkulima ajue thamani yake na kudai bei, usindikaji mdogo tu unatosha kulizika. Sheria ya umbile inalala na kuamka kulingana na faida. Na katika hali zote mbili, yanayoamua ni makampuni yaliyo karibu na mlaji. Asilimia 30 ile haikuamuliwa Moshi wala Mbinga. Hatukuulizwa kama asilimia 70 iliyobaki ya mchanganyiko inafaa kuvaa jina la mlima wetu.

Asali inatoa funzo la aina nyingine. Kwa miaka zaidi ya ishirini sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2001 iliruhusu asali iliyochanganywa kutoka nchi mbalimbali iandikwe kwamba ni mchanganyiko wa asali za Umoja wa Ulaya na zisizo za Umoja wa Ulaya. Dunia nzima iligawanywa katika makundi mawili, wao na wasio wao. Asali ya miombo ya Tabora na asali ya China zilikaa pamoja katika neno moja la kukanusha. Kilichobadilisha hali hiyo ni wafuga nyuki wa Ulaya wenyewe, walioona bei yao ikishushwa na asali rahisi isiyo na jina, wakapiga kelele serikalini kwao. Sheria mpya ya mwaka 2024 inataka kila nchi iorodheshwe kwa asilimia yake, nayo imewekewa Juni 14, 2026 kuwa tarehe ya kuanza kutumika. Mrina asali wa Sikonge atafaidika na vita ambavyo hakupigana. Ni vizuri, lakini tusijipongeze.

LEBO YA HATUA ZA KAZI, NA JINSI ILIVYOUAWA

Wanachuo huniuliza kama kuna mahali ambapo lebo imewahi kuandikwa sawasawa, yaani kwa kutaja kila hatua ya kazi. Ilikuwepo. Ilikuwepo katika nchi ya kibepari kuliko zote, na mkasa wake unastahili kusomwa kwa makini kuliko hotuba nyingi.

Sheria ya kilimo ya Marekani ya mwaka 2002 iliagiza maduka yataje nchi ya asili ya nyama, samaki, matunda, mboga na karanga. Utekelezaji wake kwa nyama uliahirishwa na kuahirishwa, na kanuni kamili ilianza kutumika Machi 2009. Waliosukuma sheria hiyo ni wafugaji wadogo na wa kati. Waliopinga ni makampuni ya machinjio, ambayo manne tu kati yake huchinja takriban asilimia 85 ya ng'ombe wa kunenepeshwa nchini humo. Sababu inaeleweka: kampuni ya machinjio hununua ndama wa Meksiko, ng'ombe wa Kanada na ng'ombe wa Montana, huwachinja chini ya paa moja, na hutumia yule wa bei rahisi kumshusha bei yule wa jirani. Nyama ikishakuwa nyama, haina uraia.

Tazama pia mianya iliyotobolewa ndani ya sheria hiyo tangu mwanzo. Mikahawa haikuguswa. Chakula kilichopikwa, kilichokaushwa kwa moshi au kilichotiwa dawa za kuhifadhi hakikuguswa. Karanga mbichi ilidaiwa nchi yake. Karanga ile ile ikikaangwa, sheria hiyo ikanyamaza. Kifungu kile cha usindikaji tulichokiona katika Codex kilikuwa kimeingia kwa mlango wa nyuma.

Kanada na Meksiko zilishtaki WTO. Mwaka 2012 Chombo cha Rufaa cha WTO kiliamua dhidi ya Marekani, na hoja yake inafaa kuandikwa ubaoni. Kilisema kwamba sheria inawalazimisha wafugaji na machinjio kukusanya na kutunza habari nyingi za kila mnyama, amezaliwa wapi, amelelewa wapi, amechinjwa wapi, wakati mlaji dukani anapewa sehemu ndogo tu ya habari hizo, tena kwa namna inayochanganya. Kwa hiyo mzigo hauendi sambamba na faida, na mzigo huo unaangukia zaidi mifugo ya kigeni. Hebu tusome tena: habari zote zilikuwepo. Kampuni ilizijua. Mlaji ndiye aliyenyimwa.

Serikali ya Marekani ikajibu mwaka 2013 kwa njia ambayo kimantiki ilikuwa sahihi. Iliongeza habari kwenye lebo. Kila kipande cha nyama sasa kilitakiwa kisema kwa utengano: amezaliwa nchi fulani, amelelewa nchi fulani, amechinjwa nchi fulani. Hii ndiyo ninayoiita lebo ya hatua za kazi. Haikufuta hatua ya kwanza kwa sababu ya hatua ya mwisho. Ingeweza kuwa kielelezo kwa korosho: imelimwa Tanzania, imebanguliwa Vietnam, imekaangwa Ujerumani.

Haikuishi. Kanada na Meksiko zilisema kwamba kanuni mpya imezidisha ubaguzi badala ya kuuondoa, kwa kuwa machinjio yangeona nafuu kuacha kabisa kununua mifugo ya nje kuliko kutenganisha kumbukumbu. Chombo cha Rufaa kilikubaliana nazo Mei 2015. Desemba 7, 2015 waamuzi waliruhusu kisasi cha ushuru cha takriban dola za Kanada milioni 1,055 kwa mwaka kwa upande wa Kanada, na dola za Marekani milioni 228 kwa upande wa Meksiko. Siku kumi na moja baadaye, Desemba 18, sheria ya kuondoa nyama ya ng'ombe na ya nguruwe katika lebo ya lazima ilikuwa imetiwa saini. Kuku, kondoo, mbuzi na samaki walibaki. Nao hawakuwa na adui mwenye dola bilioni moja.

Makada wasije wakauona mkasa huu kuwa wa Marekani mbaya dhidi ya majirani wema, au kinyume chake. Mfugaji wa Alberta aliumia kweli, kwa sababu machinjio yalimshushia bei kwa kisingizio cha gharama za kumbukumbu. Mfugaji wa Montana naye aliumia sheria ilipofutwa. Wafugaji wawili, kila mmoja upande wake wa mpaka, waligombanishwa na lebo ya taifa, na kampuni zilizosimama katikati zikaendelea kununua kwa wote wawili. Kwa miaka kadhaa baada ya hapo, nyama iliyotoka nje ikakatwa na kufungwa upya Marekani iliweza kuvaa maandishi kwamba ni bidhaa ya Marekani. Kanuni iliyotolewa Machi 2024, na ambayo makampuni yalipewa hadi Januari 1, 2026 kuitimiza, inataka maandishi hayo yatumike tu kwa mnyama aliyezaliwa, kulelewa, kuchinjwa na kusindikwa humo humo. Lakini ni ya hiari. Asiyetaka kusema, anyamaze.

KUJIKOSOA

Uhakiki unaoishia kwa wengine haujakamilika. Hapana budi tuulize kwa nini korosho yetu ilikuwa bado inasafiri ikiwa na ganda.

Hatukukosa fikra sahihi. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 nchi hii ilijenga viwanda 12 vya kubangua korosho, vingi kwa mikopo ya Benki ya Dunia na kwa mitambo ya Italia na Japani, vyenye uwezo wa kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Lau vingefanya kazi, lalamiko la lebo lisingekuwepo, maana usindikaji ungekuwa wetu na kifungu kile cha Codex kingetutumikia. Lakini mavuno, ambayo katika msimu wa 1973/74 yalifika takriban tani 145,000, yalishuka chini ya tani 20,000 katika msimu wa 1986/87. Operesheni ya vijiji iliwahamisha wakulima mbali na mikorosho yao. Bei aliyolipwa mkulima haikumtia moyo wa kupalilia. Ubwiriunga ukamalizia. Nayo mitambo ilivunja viini vingi, wakati soko hulipa vizuri kiini kizima, na vipuri vyake vilihitaji fedha za kigeni ambazo hazikuwepo. Tulijenga mlango wa kiwanda kabla ya kuhakikisha kwamba mkulima ana sababu ya kuufikia. Baadaye viwanda vilibinafsishwa, na baadhi yake vikageuzwa maghala ya kuhifadhia korosho ghafi inayosubiri meli.

Mwaka 2018 tuliliona jambo hilo tena kwa sura nyingine. Wanunuzi walipotoa bei ndogo mnadani, serikali iliamua kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likapewa kazi ya kusomba. Nia ya kumtetea mkulima ilikuwa dhahiri. Lakini msimu uliotangulia mavuno yalikuwa yamepita tani 300,000, na viwanda vilivyokuwepo nchini visingeweza kubangua mzigo wa kiasi hicho kwa wakati. Anayeshika korosho ghafi bila kiwanda anashika kitu kinachopoteza ubora kila mwezi, na mnunuzi wa nje anajua kuhesabu miezi.

Kuna wanaotoa mfano wa Ujerumani, nao ni mzuri. Mwaka 1887 Uingereza ilitunga sheria ya alama za bidhaa iliyozilazimisha bidhaa za kigeni zilizobeba majina ya kupotosha zitaje nchi zilikotengenezwa, na walengwa hasa walikuwa Wajerumani. Lebo ilikusudiwa kuwa aibu. Katika muda usiozidi kizazi kimoja aibu hiyo ikawa sifa, kwa sababu nyuma ya maandishi kulikuwa na viwanda. Wanaokosea ni wale wanaoutumia mfano huu kusema kwamba tudai maandishi kwanza.

NCHI NI NANI?

Tuchukulie sasa kwamba tumeshinda. Viwanda vinanguruma Mtwara, Newala na Lindi, na pakiti ya Hamburg inasema kwa herufi kubwa kwamba ni bidhaa ya Tanzania. Hapo kada mvivu atafunga daftari. Lakini neno "nchi" lenyewe linataka uhakiki. Nchi hailimi na haibangui. Wanaolima na kubangua ni watu walio katika mahusiano fulani ya uzalishaji, na neno nchi linaweza kuwafunika vizuri kama neno Vietnam lilivyowafunika. Kangomba anayemnunulia mkulima mwenye njaa kwa kibakuli kabla ya msimu kufunguliwa ni wa nchi. Mwenye kiwanda ni wa nchi. Mwanamke anayelipwa kwa kilo ya kiini kizima, na kukatwa kwa kila kiini kilichovunjika, ni wa nchi. Lebo ya taifa inawaandika wote watatu kwa neno moja, na kwa wino mmoja.

Nilipofikia hapo darasani, mwanachuo mmoja kutoka Newala, ambaye mama yake ni mbanguaji, alisimama akauliza: "Ndugu Mkufunzi, pakiti ikishaandikwa bidhaa ya Tanzania, ujira wa mama utaandikwa upande gani?"

Nilimjibu kwamba si Codex, si EAS 38, wala si sheria ya Marekani, ama iliyofutwa ama iliyopo, yenye kifungu kinachodai hilo. Aliandika jibu langu. Kisha akataka kujua kifungu cha 4.5 hurekebishwa wapi, na nani huketi huko kwa niaba yetu. Nilimweleza kwamba Kamati ya Codex ya Lebo za Vyakula huandaliwa na serikali ya Kanada, ile ile iliyoshinda kesi ya nyama, na kwamba hapa nchini mawasiliano na Codex hupitia Shirika la Viwango, TBS. Kengele ya chakula cha mchana ililia, lakini hakuna aliyeondoka. Walikuwa wamekwisha kuanza kubishana jinsi ya kuandika barua: kama iombe hatua tatu zitajwe katika pakiti, au nne.